Aliyeweka Matawi

Filamu yenyewe ilikuwa upuuzi, niseme mapema. Fundi mmoja wa magari, huko nchi za watu, anauliwa mkewe barabarani na genge la madereva. Badala ya kumzika na kulia kama binadamu, anajifungia gereji, analivisha lori lake vyuma, anatoka kwenda kuwasaka mmoja mmoja. Saa mbili nzima magari yanafukuzana jangwani. Hakuna anayetia petroli. Hakuna anayekwenda haja. Na katika wanaume wote wale wenye misuli, hakuna hata mmoja anayewaza kungoja adui ashuke garini, amtolee upepo wa tairi, mambo yaishe watu wakapike. Mimi niliitazama peke yangu kabla ya siku ya kuionyesha, nikasonya mpaka midomo ikachoka.

Lakini nilikuwa na haja nayo, kwa hiyo nikaichagua.

Kazi yangu ni kuzisemea filamu katika banda la Wanjira, hapa Gede, nyuma ya steji ya magari. Picha inakuja na lugha yake ya kigeni, mimi nimekaa pembeni na maiki, naizima sauti yao natia yangu. Namsemea stelingi, ndivyo tunavyomwita shujaa wa filamu. Namsemea adui. Namsemea mama anayelia na mbwa anayebweka. Nilipoanza wanaume walicheka, ati mwanamke atasemea vita! Sasa wanajaa mpaka mlangoni, na wanaokosa nafasi wanachungulia kwenye matundu ya makuti.

Usidhani wanakuja kunisifu. Wanakuja kunikosoa. Mwanamume wa hapa kwetu akisikia mwanamke amekosea jina la bunduki, hawezi kulimeza, litamkaba afe. Nikisema bastola, "Si bastola hiyo, Jedida, ni raifo!" Nikisema stelingi amekanyaga breki, "Breki wapi, hiyo ni klachi!" Mtu hajui mwanawe yuko darasa la ngapi, lakini klachi ya gari la Wazungu anaijua. Wanjira, mama wa bara aliyekuja pwani kuuza mitumba akabaki na banda, aliniambia zamani, "Wewe kosea tu, Jedida. Hao wakibishana, kesho wanarudi." Basi nimekuwa nikikosea makusudi miaka yote hii, nao wamekuwa wakijiona maprofesa.

Profesa mkuu alikuwa Dena.

Dena ni mtoto wa hapahapa, nyumba yao na ya mamangu zinatazamana. Anaendesha probox ya muguka. Muguka ni majani ya kutafuna, yanatoka bara, na yakinyauka hayana mnunuzi, kwa hiyo madereva wake hukimbizana usiku kucha kupitia Malindi, kila mmoja anataka kufika kwanza. Dena ndiye aliyekuwa akifika kwanza. Akiingia steji asubuhi vijana wanampigia saluti, wanawake wa chapati wanampa ya moto kabla ya waliokuwa kwenye foleni. Kwa lipi? Kwa sababu ana mguu mzito kwenye mafuta. Basi, hicho ndicho kipaji chote! Hata jiwe ukiliweka pale kwenye mafuta, gari litakimbia.

Sasa nikuambie kilichonipata.

Ndugu yangu Kalama alikuwa na tuktuk, na mke wake, wifi yangu Easter, alikuwa akiuza mahamri Malindi. Walikaa Msabaha, karibu na barabara kuu. Kila alfajiri Kalama alimpeleka. Siku moja tuktuk ikagoma kuwaka. Easter akajitwika beseni lake, akamwambia mumewe, "Utanikuta mbele." Kalama akahangaika na plagi kidogo, ikawaka, akamfuata. Akamkuta mbele kweli, kifudifudi kwenye lami, mahamri yametapakaa, anapumua kwa shida. Akambeba, akamkimbiza hospitali. Easter akakata roho njiani.

Na askari wakafanyaje? Wakatazama tuktuk. Kioo cha mbele kina ufa, ufa wa siku nyingi ambao Gede nzima inaujua. Kiti kimejaa damu. Wakasema dereva ndiye huyu huyu. Wakamwuliza mbona alimwondoa mtu pale alipoangukia. Yaani alitakiwa amwache mkewe ajifie polepole, ili wao wakija wakute mambo yamepangika! Wakamtia ndani, na kesi ikasomwa kwamba Kalama amemgonga mkewe akamwua. Halafu wanashangaa kwa nini siku hizi watu wakiona majeruhi wanapita wakitazama pembeni.

Nilikuwa nikienda kumwona rumande. Kila mara alinirudia jambo moja. Alipofika kwa Easter, alikuta matawi ya mwarobaini yamelazwa barabarani, upande wa mbele na upande wa nyuma, mabichi, yamevunjwa kwa mkono. Sote tunaujua mtindo huo. Gari likiharibika njiani, dereva huweka matawi ili wenzake waone kwamba mbele kuna hatari, wapunguze mwendo. Kalama aliwaambia askari. Aliyekuwa na kalamu akacheka, akasema haandiki habari za majani.

"Aliyeweka matawi yale ni mtu mwema, dada," Kalama aliniambia. "Alimkinga Easter asikanyagwe tena. Huenda alikimbilia kutafuta msaada. Siku akisikia nimefungwa, atakuja kunisemea."

"Mtu mwema angembeba," nikamwambia.

"Atakuja. Mimi namwombea kila siku."

Nilitoka pale nimekasirika, kwa maana Kalama ni mwema mpaka anatia hasira. Mimi sikuzaliwa hivyo. Mimi nilijiuliza: ni nani mwenye nafasi ya kuvunja matawi asiye na nafasi ya kumwinua mtu? Ni yule asiyetaka damu kwenye gari lake. Na ni nani ambaye mkono wake unakimbilia matawi kabla ya akili kufika? Ni dereva.

Asubuhi ile Dena hakufika wa kwanza. Steji nzima ilishangaa, naye akasema amepata pancha. Siku chache baadaye probox ikawa na bampa jipya. Kwenye matanga alileta gunia zima la mchele, akalia kwa sauti kuliko sisi tuliofiwa, mpaka shangazi yangu akaniuliza kama alikuwa na jambo na marehemu. Na tangu siku ile, akifika Msabaha anauondoa mguu kwenye mafuta. Dena huyo, ambaye hapunguzi mwendo hata mbele ya shule! Nilimwona kwa macho yangu nikiwa nimekaa nyuma ya bodaboda.

Nikaenda kwa naibu wa chifu wa huku kwetu, Bwana Kambi. "Shikamoo, baba," nikasema, nikamweleza yote.

Alinisikiliza huku akichokoa meno. "Mwanangu, bampa si ushahidi," akasema. "Mchele nao si ushahidi. Niletee mtu aliyesikia kwa masikio yake."

"Haya, baba."

Thubutu! Mtu atoke wapi wa kumshtaki Dena, kipenzi cha steji? Nilirudi nyumbani nikalia, nisiseme uongo, nililia nikagaragara. Kalama alikuwa anakaribia kuhukumiwa. Mama alikuwa hali chakula. Nilipomaliza kulia nikajipangusa, nikakumbuka kwamba mimi nina mali moja tu duniani, nayo ni ujinga wa wanaume wanaopenda kunikosoa.

Jumapili mchana banda lilijaa. Nilikuwa nimetangaza wiki nzima, filamu ya kisasi, magari yanauana, asiyekuja asihadithiwe. Bwana Kambi nilimwekea kiti cha mbele na soda baridi, kwa kuwa pasipo soda serikali haiji. Dena alifika na vijana wake, shavu limevimba muguka, akakaa katikati kama bwana harusi. Nikamwambia Wanjira, "Nipe dakika mbili, natoka kidogo," nikatoka, nikarudi, nikashika maiki.

Nikaanza kukosea.

Stelingi akaingiza gia, nikasema ameingiza ya tatu. "Ya pili hiyo!" akapaza Dena, banda likacheka. Adui akakata kona, nikasema amevuta breki ya mkono. "Hapo huvuti breki ya mkono, utapinduka. Mwacheni mwanamke, hajui." Wakacheka tena. Nikasema lori la stelingi linatumia petroli. Lo! Hapo hata mzee mmoja aliyekuwa amelala aliamka kunikosoa. Dena akawa anafundisha sasa, amesimama nusu, mikono hewani, kila gari likipita anaeleza. Nami najifanya nimenyong'ea, "Haya, kaka Dena, asante kwa kunirekebisha." Muguka humlegeza mtu ulimi, na sifa humlegeza zaidi. Nilimdharau mpaka nikaona huruma kidogo, halafu ile huruma ikapita.

Karibu na mwisho, wanaonyesha tena kisa cha mwanzo, namna mke wa stelingi alivyogongwa. Wanakionyesha kwa mbali, vumbi tupu. Adui anashuka garini, anazunguka, anapotea kidogo nyuma ya gari, anarudi. Filamu haisemi alifuata nini kule nyuma. Mimi nikasema.

"Adui akashuka," nikasema kwenye maiki, polepole. "Akamwona mama wa watu amelala, na yu hai. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akachukua panga, akaenda kwenye mkanju, akakata matawi. Akayalaza barabarani, mbele na nyuma."

"Panga la nini?" Dena akadakia. "Jedida, mtu ana haraka, panga atalitoa wapi? Na mkanju ule mgumu! Unavunja mwarobaini kwa mkono, mara moja umemaliza."

Watu wakacheka. Kijana mmoja akamtania, "Dena, jangwani kuna mwarobaini?"

"Mimi naona mkanju," nikasema.

"Mkanju hauko pale!" Sasa alikuwa amekasirika kwa ubishi wangu. "Nakwambia pale ni mwarobaini mtupu, mpaka kwenye kona!"

Nikaisimamisha filamu. Nikauliza bila kupaza sauti, maana maiki ilikuwa inatosha. "Pale wapi, Dena?"

"Pale... pale kwenye filamu."

Banda zima likageuka kutazama pazia. Mchanga. Mchanga mpaka mwisho wa macho, hakuna mti, hakuna kona, hakuna hata jani la kumfunika mjusi.

"Kalama alimkuta mkewe Msabaha amewekewa matawi ya mwarobaini," nikasema. "Mbele na nyuma, yamevunjwa kwa mkono. Anayajua hayo yeye, na mimi, na Bwana Kambi niliyemweleza, na askari aliyekataa kuyaandika. Wewe umeyajulia wapi?"

Dena alimtazama Bwana Kambi, nami nikamtazama Bwana Kambi, soda imesimama mdomoni. "Baba," nikamwambia, "ulitaka mtu aliyesikia kwa masikio yake. Hawa hapa, banda zima, nawe umo."

Dena akaruka benchi, akatoka mbio.

Hapo sasa ndipo nilipowaona watu wa kwetu walivyo. Wale wale waliokuwa wakimpigia saluti asubuhi ndio waliokuwa wa kwanza kupiga kelele, "Mfukuze! Mfukuze!" Bodaboda zikaanza kuunguruma. Wametoka kutazama filamu ya kisasi na sasa kila mmoja ni stelingi. Mtu ambaye hakuja hata kumzika Easter alikuwa ameshika jiwe kila mkono. Nikasonya, nikatoka kwa kusukumana nao.

Hakukuwa na wa kumfukuza. Dena alikuwa ndani ya probox, injini inalia, gari limekaa chini. Tairi zote zilikuwa bapa. Nilizitoa upepo mwenyewe, kwa kijiti cha kiberiti, zile dakika mbili nilizomwomba Wanjira. Saa mbili za vyuma na moto, na kumbe ni kijiti cha kiberiti tu.

Jiwe la kwanza likavunja kioo cha nyuma. La pili likampata Dena begani. Akanitazama kupitia dirishani, Dena wa mwendo, mdomo umejaa povu la kijani, akasema, "Dada Jedida, wataniua."

Nilitamani wamwue. Nasema kama nilivyohisi. Nilitamani nisogee pembeni nijifunge kanga vizuri nitazame. Lakini Dena akifa, nani atasema mahakamani? Matawi? Kalama angeozea ndani na hawa mashujaa wangerudi nyumbani kula. Kwa hiyo nikajikuta nimesimama mlangoni mwa gari la aliyemwua wifi yangu, mikono nimeitandaza, namkinga.

Nikatoa ile sauti yangu ya stelingi. "Atakayerusha jiwe jingine," nikasema, "Jumapili ijayo namtaja kwenye maiki, mambo yake yote, mkewe akiwa amekaa hapo!"

Wakasita. Waliogopa hilo kuliko kuua mtu. Bwana Kambi naye akakumbuka kwamba ni serikali, akaja akasimama nyuma yangu, nyuma, sikusema mbele, akaamuru watu watulie. Wanjira akaleta pikapu yake ya mitumba. Tukampandisha Dena.

Nilikaa naye nyuma, juu ya marobota, ili wasimvute njiani. Alishika pindo la kanga yangu njia nzima. Tulipokaribia kituo cha polisi akaanza kusema, wala sikumwuliza.

"Mimi sikumwacha hivi hivi, dada. Alikuwa anapumua. Aliniomba maji. Niliogopa gari jingine lisije likamkanyaga, ndiyo nikamwekea matawi." Akanitazama, na naapa alikuwa anangoja nimwambie ahsante.

"Na garini hakukuwa na nafasi?"

"Nyuma kulikuwa na magunia," akasema. "Ningeyashusha ningechelewa. Mzigo ungenyauka."

Niliitoa kanga yangu mkononi mwake, kidole kimoja kimoja. Kituoni akayasema yote tena, Bwana Kambi amesimama hapo, na safari hii aliyekuwa na kalamu aliandika. Bampa la zamani likapatikana kwa fundi wake Malindi. Dena yuko ndani mpaka leo, na muguka unafika Gede kila asubuhi kama kawaida. Kuna kijana mwingine anayefika kwanza. Wanampigia saluti.

Kalama aliachiliwa siku ya mvua. Mama na mimi tulimngoja nje ya lango, amekonda, shati limekuwa kubwa. Alimkumbatia Mama, akanikumbatia mimi, akacheka, na neno lake la kwanza likawa hilo hilo.

"Si nilikuambia, dada? Yule aliyeweka matawi alikuja kunisemea?"

Hakuna aliyekuwa amemweleza. Wakili wake aliona ni kazi yetu, Mama aliona ni kazi yangu. Mimi ninayewasemea watu wote, hadi mbwa, nilisimama kwenye mvua nikatafuta namna ya kulizungusha, nikakosa.

"Alikuja," nikamwambia. "Ni Dena. Aliyemgonga ndiye aliyeweka matawi, Kalama. Ni mtu mmoja."

Mvua ilimtiririka usoni. Kisha akauliza, "Easter alikuwa anaongea?"

"Aliomba maji."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia. "Kila siku nimekuwa nikimwombea aliyeweka matawi," akasema. "Kumbe nilikuwa namwombea Dena."

Nilifungua mdomo nitukane. Nilitaka kumtukana Dena, na yule askari, na Mungu kidogo. Kalama akanishika mkono akaniambia twende, Mama analowa.